Mvua ya Nkoaranga Iliyonyesha Ngarenanyuki

Kwa karibu mwaka mzima, katika ramani ya ofisi yetu, mvua ya Nkoaranga ilikuwa inanyesha Ngarenanyuki. Nkoaranga iko ubavu wa kusini wa Mlima Meru, kwenye migomba na kahawa, ambako matope hukaa barabarani wiki nyingi baada ya masika. Ngarenanyuki iko nyuma ya mlima, kaskazini, ambako mawingu hufika yakiwa yamekwisha kutua mzigo wake upande wa pili. Ramani yetu ilizibadilisha pande hizo mbili, na ofisi nzima hatukuona. Mtu mmoja tu alikuwa na ushahidi kwamba tumekosea, na mtu huyo tulimwandikia barua ya kumwambia kuwa vipimo vyake haviaminiki. Sahihi iliyo chini ya barua hiyo ni yangu.

Nimestaafu sasa, na ninyi mliobaki mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana hata mimi sikumbuki vizuri, na nilipokumbushwa ilikuwa ni kwa sababu kuna fomu haikujazwa. Nitaandika juu ya meza, kalamu, faili, na mlima.

Siku yangu ya kwanza nilifika kutoka Kaloleni kwa miguu, nimevaa viatu vya sikukuu. Nilikuwa msichana pekee katika chumba cha wachoraji ramani. Mkuu wa chumba alikuwa Bwana Loishiye, Mwarusha mrefu aliyeongea kama anayelipia kila neno. Alinitazama viatu, akanitazama mikono, akaniuliza kama naweza kuchora mstari bila kupumua. Nikasema naweza. Akanipa kalamu ya wino na karatasi, na mstari wangu ukatetemeka kama mtu mwenye homa. Akasema, "Umepumua," akarudi mezani kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya kunikaribisha kazini.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa meza ya kioo yenye taa chini yake. Unaweka ramani ya zamani juu ya kioo, unaweka karatasi nyembamba ya kupitisha mwanga juu yake, unachora unachokitaka. Kwa wembe tulikwangua makosa. Kwa ulimi tulilainisha ncha ya kalamu, jambo ambalo daktari wa sasa asingelipenda. Bwana Loishiye alikuwa na kanuni moja aliyoisema mara nyingi kuliko jina lake: ukichora ramani ya Meru, kilele kikae katikati ya karatasi. Si karibu na katikati. Katikati kabisa. Alipima kwa rula kutoka kila pembe. Mlima ukikaa pembeni, alisema, wanakijiji wa upande mmoja wataona wamepewa karatasi ndogo, na utakesha ukijibu malalamiko. Nilidhani ni ushamba. Baadaye nilihudhuria mikutano ya mipaka ya vijiji na nikajua alikuwa amesema kweli.

Kanuni hiyo niliibeba miaka yote. Nimeitaja hapa kwa sababu ni mimi niliyeiingiza katika kompyuta, na humo ilificha kosa letu.

Miaka michache baadaye nilianza kutumwa nje, kwenye vituo vya mvua. Kituo cha mvua ni neno kubwa kwa kitu kidogo: kipimamvua, yaani kopo la shaba lenye mdomo wa duara, limechimbiwa katikati ya uwanja mdogo uliozungushiwa uzio ili mbuzi wasinywe takwimu. Anayekitunza ni mtu wa pale pale: mwalimu, mwinjilisti, mkulima. Kila siku saa tatu asubuhi anamimina maji kwenye chupa yenye alama, anasoma, anaandika kwenye kadi ya mwezi. Siku isiyo na mvua anaandika sifuri. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwenye sifuri. Kuandika mvua kuna raha yake. Kuandika sifuri siku arobaini mfululizo kunataka roho ya namna nyingine.

Kituo cha Ngarenanyuki kilitunzwa na Mama Elinipa. Mume wake alikuwa mwinjilisti, na mwanzoni kipimo kilikuwa cha mume. Alipofariki, mama akaendelea bila kumwuliza mtu. Alikuwa amenizidi miaka minane au tisa. Mara ya kwanza nilipomtembelea nilimkuta amesimama kando ya uzio, kikombe cha chai mkononi, akiangalia saa ya ukutani kupitia dirishani. Ilikuwa imebaki dakika tatu. Nilimwambia tunaweza kusoma tu, dakika tatu si kitu. Akaniuliza kama kwetu Kaloleni adhana nayo husomwa muda wowote muezini akijisikia. Tukasubiri dakika tatu.

Kadi zake zilikuwa safi kuliko za vituo vyote. Sifuri zake zilikuwa za duara kamili, kama zimechorwa kwa sarafu.

Kisha zikaja kompyuta. Meza ya taa ikahamishiwa pembeni, ikawa mahali pa kuwekea chupa za chai. Bwana Loishiye alikuwa amekwisha kustaafu, na sikuhuzunika kwamba hakuiona katika hali hiyo. Sisi wachoraji tulifundishwa upya, wiki mbili, na mwalimu aliyetuita "watumiaji". Nikajifunza kwamba ramani ya mvua siku hizi haichorwi kwa mistari. Eneo zima linagawanywa miraba midogo midogo, kama daftari la hesabu, na kila mraba unapewa namba moja: mvua ya mahali hapo. Ofisini tuliiita rasta. Kompyuta inazipaka namba rangi, nyekundu kwa ukame, bluu kwa mvua nyingi, na mtu akisimama mbali anaona ramani. Akisogea karibu anaona miraba. Nilipenda sana kusogea karibu.

Mwenzangu wa chumba wakati huo alikuwa Godlisten, mtaalamu wa kompyuta aliyesomea Makumira na kumalizia Dar es Salaam, baba wa watoto wawili, mcheshi, mwepesi wa vidole. Yeye alinifundisha mafaili, mimi nilimfundisha vijiji. Alijua kuiambia kompyuta ifanye jambo mara elfu moja. Mimi nilijua kwamba mto fulani hauendi huko ulikochorwa. Tulifanya kazi vizuri.

Faili lenyewe lilitufikia kutoka kwa wataalamu wa nje. Walikuwa wamechanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, wakatoa rasta ya mvua ya nchi nzima, mwezi kwa mwezi. Mradi mmoja wa kilimo uliomba tuwakatie eneo la Meru tu, ili waamue kijiji gani kipewe ushauri wa mahindi ya muda mrefu na kipi ya muda mfupi. Mahindi ya muda mrefu huzaa sana, lakini yanataka mvua isiyokatika. Mahindi ya muda mfupi huzaa kidogo, ila yanawahi kabla mvua haijaondoka. Upande wa kaskazini wa mlima, kuchagua vibaya kati ya hayo mawili ni njaa.

Nikakata mwenyewe. Nikaweka kilele katikati kabisa, nikapima kila upande, juu na chini sawasawa, kulia na kushoto sawasawa. Bwana Loishiye angeridhika. Programu yetu ya ramani ilikuwa ya zamani na ilikataa kufungua faili lile, kwa hiyo Godlisten akaligeuza kuwa orodha ya namba tupu, mstari baada ya mstari, na mimi nikaandika kwa mkono maelezo mafupi ya kichwa cha faili: pembe iko wapi, mraba una ukubwa gani, mistari ni mingapi. Tukafungua. Ukatokea mlima mzuri wa bluu na ubavu mmoja mwekundu. Tukanywa chai.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Mafaili mengi ya hali ya hewa huhesabu mistari yake kutoka kusini kwenda kaskazini, kama mtu anayepanda mlima. Programu ya ramani husoma namba kuanzia juu ya karatasi, yaani kaskazini, ikishuka, kama mtu anayesoma barua. Faili likiwa na maelezo yake kamili, programu inajua na inajigeuza yenyewe. Sisi tuliyavua maelezo hayo tukaacha namba tupu. Programu ikachukua mstari wa kwanza, ambao ulikuwa wa kusini, ikauweka juu. Mvua yote ikapinduka. Mipaka ya vijiji, barabara na majina, ambavyo vilitoka faili jingine, vilibaki mahali pake.

Kwenye meza ya taa kosa hilo lisingepona dakika moja. Ukigeuza karatasi, maandishi nayo yanageuka, na hata anayesafisha chumba ataona. Kompyuta inachora mvua peke yake na maandishi peke yake, kwa hiyo unaweza kupindua mvua na herufi zikabaki zimesimama wima, na kukutazama usoni.

Na mlima ulikuwa katikati. Mlima uliokaa katikati kabisa, ukiupindua bado ni mlima, mahali pale pale. Kama ningeukata kizembe, na kilele kikakaa juu kidogo, mvua ingeanguka tambarare na mtu angecheka. Usahihi wangu ndio uliotupoteza.

Tulikagua, msidhani hatukukagua. Kanuni ni kwamba rasta haikaguliwi kwa vituo vilivyotumika kuitengeneza, maana ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani aliokwisha kuona majibu yake. Kuzunguka mlima, vituo ambavyo havikutumika vilikuwa vitatu tu. King'ori, mashariki. Lengijave, magharibi. Na Ngarenanyuki. King'ori ikakubaliana na ramani vizuri. Lengijave ikakubaliana. Ngarenanyuki ikakataa kabisa: ramani ilisema mvua nyingi, Mama Elinipa aliandika mvua kidogo, na sifuri, na sifuri, na sifuri.

Wawili dhidi ya mmoja. Leo hata mtoto wangu ambaye hakusomea haya ananiuliza: kama ulipindua juu na chini, King'ori na Lengijave zilizo ubavuni, usawa mmoja na kilele, zingehamia wapi? Zisingehama. Zilikuwa ndizo sehemu mbili pekee za mlima ambazo kosa letu halikuzigusa, na ndizo tulizozifanya mashahidi.

Tulipiga simu pia. Niliwauliza watu wa pande zote swali moja: je, mvua ni nyingi zaidi kule juu, karibu na msitu, au huku chini? Wote wakajibu, juu. Ramani nayo ilisema juu. Watu wa Meru hupima kila kitu kwa mlima. Shamba la juu, shamba la chini, nyumba ya juu, mtu wa chini. Nilizoea kuuliza hivyo na wao walizoea kujibu hivyo. Lakini juu kuna mvua kuliko chini katika kila ubavu, uwe umeupindua mlima au hujaupindua. Swali langu lilikuwa haliwezi kunipa jibu lolote isipokuwa nililotaka.

Ndipo ikaandikwa barua. Ilisema kipimo kina hitilafu au usomaji una hitilafu, kwamba takwimu za kituo haziaminiki, na kwamba kituo kisitishwe. Dereva alitumwa akakichukue kipimamvua. Alirudi nacho, akaniambia yule mama hakubisha. Alikisafisha kwanza, akakikabidhi, kisha akamwuliza dereva kama mvua nayo imeandikiwa barua. Chumba kizima tulicheka. Nami nilicheka, na hilo silisahau.

Miezi ikapita. Mradi ukatoa ushauri wa mbegu kwa kufuata ramani. Masika yakaja yakaondoka.

Asubuhi moja mlinzi wa getini alipiga simu kuuliza kama tunaruhusu mabua ya mahindi ndani ya jengo la serikali. Nilishuka. Mama Elinipa alikuwa amesimama na kiroba, amevaa koti la kanisani. Sikumtegemea. Nikamsalimia, "Shikamoo mama," nikiangalia zaidi kiroba kuliko yeye.

"Marahaba, Mama Zuhura. Nimetumwa na kamati ya kijiji. Nimeambiwa hii mbegu mlituchagulia ninyi."

Ndani ya kiroba kulikuwa na bua refu, zuri, lililokauka likiwa na ndevu za hindi zilizotokeza kidogo tu. Lilikuwa limefika mahali pa kuzaa na mvua ikaondoka. Nikaanza kumweleza, kwa ile sauti ya ofisini mnayoijua, kwamba sisi hatuchagui mbegu, mradi ndio unaochagua, sisi tunachora tu ramani, na ramani ilisema kwao kuna mvua.

"Basi iambie ramani ije ikae kwangu wiki moja," akasema. "Kitanda kipo."

Nikampandisha juu. Nilikuwa na haraka: orodha ya mbegu za msimu uliofuata ilikuwa iende kwa mradi Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano, na katika orodha hiyo Ngarenanyuki iliandikwa tena mahindi ya muda mrefu. Nilidhani nitamwonyesha ramani, ataona rangi, atanyamaza. Watu wengi wakionyeshwa rangi hunyamaza.

Godlisten akamfungulia kwenye kioo cha kompyuta. Nikamwonyesha kijiji chake kwa kidole. Akavaa miwani. Akaomba isogezwe karibu. Juu ya kijiji chake kulikuwa na kipande cha bluu nzito kilichoingia tambarare kama ulimi. Akakifuata kwa ukucha bila kugusa kioo.

"Huu ulimi naujua," akasema. "Lakini si wa kwetu. Uko kwa dada yangu aliyeolewa Nkoaranga. Mvua inapanda na lile bonde lao. Mwezi wa nne unavua viatu hapa, unakuja kuvivaa hapa. Hii mvua si yangu. Ni ya dada yangu."

Godlisten akatabasamu, akasema kwa adabu, "Mama, ramani haina miguu. Haiwezi kuhama."

"Hata kipimamvua hakikuwa na miguu, baba. Na kwangu kilihama."

Godlisten akaangalia kibodi. Mimi niliangalia ule ulimi. Nkoaranga naifahamu, nimeitembea. Nilimuuliza mama kama kuna jambo jingine analolitambua. Akasema pale Oldonyo Sambu pamepakwa kijani kama Olmotonyi, kule kwenye chuo cha misitu, na mtu aliyewahi kupita Oldonyo Sambu mwezi wa tisa na vumbi lake angejua kwamba aliyepaka amekosea nyumba. Olmotonyi kusini. Oldonyo Sambu kaskazini. Nkoaranga kusini, Ngarenanyuki kaskazini. Nikainuka kitini, na ninakiri kwamba kilichoniinua wakati huo hakikuwa aibu. Aibu ilikuja jioni. Wakati ule ilikuwa ni ile hamu ya kujua, ile inayomfanya mtu asahau kuwa kosa ni lake.

Nikatoa chapa ya ramani ya mvua. Nikaondoa chupa za chai juu ya meza ya taa, nikafuta duara zake, nikawasha. Taa bado iliwaka, ikimetameta kidogo. Nikaweka karatasi nyembamba, nikachora mipaka ya bluu na ule ulimi, mkono ukiwa mzito kuliko zamani. Kisha nikaishika karatasi kwa ukingo wa chini, nikaipindua kama mtu anayegeuza chapati, nikailaza juu ya ramani ya vijiji. Kilele kikaangukia juu ya kilele. Ulimi ukaangukia juu ya bonde la Nkoaranga, ukalijaza bila kubaki nafasi.

Mama Elinipa aliangalia, akasema, "Sasa hapo," kama mtu aliyeletewa chai yenye sukari ya kutosha.

Godlisten alikuwa amekwisha kurudi kwenye kompyuta. Akasema dakika moja tu. Na kweli ilikuwa dakika moja, ila alichofanya ni kukizungusha kitu kizima nusu duara. Mvua ya Nkoaranga ikarudi kusini, tukashangilia. Tukakagua vituo: Ngarenanyuki ikakubaliana. King'ori, iliyokuwa nzuri siku zote, ikaharibika. Lengijave pia. Alikuwa amebadilisha kaskazini na kusini, na mashariki na magharibi pamoja. Kupindua na kuzungusha ni vitu viwili; ukizungusha ramani unapata kosa jipya lililovaa nguo za masahihisho. Mkibaki na neno moja tu kutoka kwangu, mbaki na hilo. Akarudia: akaacha kila mstari kama ulivyo kutoka kushoto kwenda kulia, akabadilisha tu mpangilio wa mistari, wa mwisho uwe wa kwanza. Vituo vitatu vikakubaliana, vyote vitatu, kwa mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua rasta yoyote kwa ajili ya kazi, hutengeneza nakala yake na kuandika namba kubwa ya uongo kwenye mraba mmoja wa pembeni, mstari wa kwanza, kushoto. Halafu nafungua na kuangalia imetokea pembe gani. Ni kazi ya dakika mbili. Pia sikati tena ramani kwa kuweka kilele katikati. Nakiweka pembeni kidogo, kwa makusudi, na Bwana Loishiye anisamehe.

Nilimwendea mkuu wetu siku hiyo hiyo. Nilimweleza nani aliandika kichwa cha faili na nani alisaini barua. Alisikiliza, akauliza kama tunaweza kuiita ni toleo jipya la ramani. Nikasema tunaweza kuiita hivyo kwa mradi, mradi hautajali, lakini Ngarenanyuki nitakwenda mwenyewe. Orodha ya mbegu ilirekebishwa Alhamisi. Msimu uliofuata waliandikiwa mahindi ya muda mfupi, kama walivyokuwa wakipanda kabla hatujawasaidia.

Nilikwenda na kipimamvua kwenye mapaja. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, ya mdomoni na ya kwenye karatasi yenye muhuri. Mama Elinipa alinipokea, akanipa ndizi za kuchemsha na maziwa, akasoma karatasi mpaka mwisho, akaikunja. Kisha akanipeleka kwenye ule uwanja wenye uzio.

Uzio ulikuwa mzima. Nyasi zilikuwa zimekatwa. Mahali pa kipimo palichimbiwa kopo la maziwa ya unga, ubavu ulionyooka, mdomo wazi. Ndani ya nyumba akanitolea daftari la shule na rula ya mtoto. Kila siku, tangu kesho yake ya siku dereva alipoondoka, alikuwa ameweka rula wima ndani ya kopo saa tatu asubuhi na kuandika. Kurasa nzima za sifuri, za duara kamili.

Nilimwuliza kwa nini aliendelea wakati tulimwambia aache.

"Mlichukua kopo lenu," akasema. "Saa tatu hamkuichukua."

Nikauliza mambo ya kazi, kwa sababu hayo ndiyo ninayoyaweza. Kopo lenye ubavu ulionyooka, kina cha maji yake ni kina cha mvua, liwe pana au jembamba. Kwa hiyo daftari lile halikuwa la mchezo. Nikamwomba aweke vyote viwili kwa msimu mmoja, kipimamvua na kopo, bega kwa bega. Akafanya. Kopo lilisoma pungufu kidogo kuliko kipimo, na lilipungua kwa kiasi kile kile karibu kila mara. Kitu kinachokosea kwa uaminifu kinaweza kusahihishwa. Niliandika ombi kwamba vipimo vya kopo, vikishasahihishwa, viingizwe katika kumbukumbu za kituo.

Wanaoamua wakauliza swali moja la haki. Je, ni kopo lile lile muda wote? Nikampigia simu. Hapana, akasema, la kwanza lilioza kwa kutu, akaweka jingine. Lini? Akafikiri sana. Kabla ya Krismasi, akasema. Kisha akasema, au ni baada, maana maziwa yale waliyanunua wageni. Kuhusu ukubwa wa lile la kwanza alikuwa na hakika kwamba lilikuwa la kampuni ile ile, lakini kama ubavu wake ulinyooka chini mpaka juu au ulibonyea kidogo, hakuweza kuapa. Hakutaka kuapa. Nilitamani kwa siku moja tu awe mtu wa kubahatisha.

Nilifuatilia ombi hilo mpaka wiki yangu ya mwisho kazini. Nilibadilisha maneno, nikaambatisha majaribio, nikaambatisha picha ya kopo la pili. Liliahirishwa, halikukataliwa. Kisha mkanikatia keki, nikaenda nyumbani.

Katika mafaili yetu, siku isiyo na kipimo haiachwi tupu, kwa sababu kompyuta inaweza kuudhania utupu kuwa ni sifuri. Inaandikwa namba ambayo mvua haiwezi kuwa nayo, -9999, na maana yake ni kwamba siku hiyo hapakuwa na mtu aliyepima. Wiki iliyopita nilimpigia Godlisten, nikamwomba afungue kituo cha Ngarenanyuki na anisomee ile miezi ya kopo. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaniuliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee. Zote bado ni -9999.